Mchanga, Makinikia na Maana: Safari ya Neno 'Concentrate' katika Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita



1. Utangulizi

Mada niliyopewa inanitaka nieleze maana na matumizi ya neno moja la Kiingereza lililozoeleka. Ningeweza kuchagua neno la ofisini au la sokoni. Nimechagua neno 'concentrate', kwa sababu ni miongoni mwa maneno machache ya kigeni ambayo tafsiri yake iliwahi kusemwa na karibu kila Mtanzania kwa wakati mmoja, na kwa sababu jambo lililosemwa kwa tafsiri hiyo lilihusu mali ya nchi.

Kila aliyepita katika shule zetu za sekondari amelisikia neno hili kutoka kwa mwalimu aliyechoshwa na kelele za darasa. Hapo lilimaanisha: tulieni, sikilizeni, wekeni akili yenu ubaoni. Mwaka 2017 neno hilohilo lilionekana katika hati za bandari ya Dar es Salaam, na safari hii halikuhusu akili ya mtu yeyote. Lilihusu unga mweusi wenye unyevu, uliotoka katika migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi mkoani Shinyanga, ukiwa umefungiwa ndani ya makontena. Magazeti yaliuita unga huo 'mchanga'. Baadaye yakauita 'makinikia'. Wageni waliendelea kuuita 'concentrate'. Kitu kilikuwa kimoja, majina yakawa matatu, na kila jina lilimfanya msikilizaji aulize swali tofauti.

Hoja yangu leo ni hii: neno 'makinikia' lilitokana na maana isiyohusika ya neno la Kiingereza. Liliukubalika upesi kwa sababu ya umbo lake na kwa sababu ya uzito wa tukio lililolibeba. Hata hivyo, lilimficha mwananchi jambo lenyewe lililokuwa likibishaniwa. Nitajaribu kuonesha hivyo hatua kwa hatua, kisha nieleze kwa nini suala hili halikuisha pamoja na mgogoro wa mwaka 2017.

2. Maana za neno katika Kiingereza

Asili ya neno hili ni Kilatini. Limeundwa kwa kiambishi chenye maana ya 'pamoja' na neno 'centrum', yaani kitovu au kati. Kiingereza kililipata kwa njia ya Kifaransa. Maana yake ya msingi, basi, ni kuleta vitu kwenye kitovu kimoja. Kutokana na taswira hiyo yamechipuka matumizi manne ambayo ni lazima tuyatofautishe.

Matumizi ya kwanza ni ya mahali: kukusanya watu au vitu vilivyotawanyika viwe pamoja. Jeshi hukusanywa mpakani, viwanda hurundikana mjini. Kambi ambamo Waingereza waliwafungia raia wa Kiburu wakati wa vita vya Afrika Kusini vya 1899–1902 zilipewa jina linalotokana na neno hili.

Matumizi ya pili ni ya akili: kuielekeza fikra kwenye jambo moja na kuacha mengine. Haya ndiyo ya mwalimu wa sekondari, na kwa wengi wetu ndiyo ya kwanza kutujia.

Matumizi ya tatu ni ya nguvu au uzito wa kitu: kuondoa kisichotakiwa ili kinachotakiwa kiwe kingi zaidi katika kipimo kilekile. Mtengenezaji wa juisi huondoa maji, nayo juisi inakuwa nzito. Mwanakemia hupima ni kiasi gani cha chumvi kimo ndani ya lita moja ya maji.

Matumizi ya nne ni ya nomino. Ni jina la kitu kinachopatikana baada ya kazi hiyo ya tatu kufanyika: juisi nzito isiyochanganywa na maji, au, kwa wachimbaji, zao la mbale iliyosagwa na kupunguziwa mawe yasiyo na thamani.

Zingatieni kwamba matumizi ya nne ni mtoto wa matumizi ya tatu. Hayana uhusiano wa moja kwa moja na matumizi ya pili. Kinachoyaunganisha ni yule babu wa mbali, yaani taswira ya kitovu. Mwingereza haoni taabu, kwa kuwa neno lake ni moja. Taabu huanza pale mtu wa lugha nyingine anapotakiwa kuchagua.

3. Namna Kiswahili kinavyozigawa maana hizo

Kiswahili hakina neno moja linalobeba maana zote nne, wala hakipungukiwi na kitu kwa sababu hiyo. Kimezigawa kwa vitenzi mbalimbali, tena kwa usahihi mkubwa.

Kwa maana ya mahali tuna 'kusanya', 'kusanyika', 'rundika' na 'lundikana'. Kwa maana ya akili tuna 'zingatia', 'tulia' na 'makinika'. Kitenzi hiki cha mwisho kimetokana na 'makini', neno lenye asili ya Kiarabu ambalo huko lina maana ya kitu kilichokaa imara mahali pake. Shina hilohilo la Kiarabu limetupa pia 'yamkini', yaani huenda au inawezekana. Katika Kiswahili mtu makini ni mtu mtulivu, mwangalifu, asiyeyumbishwa. Hatusemi jiwe makini, wala maji makini. Umakini ni sifa ya mtu na ya kazi za mtu.

Kwa maana ya nguvu na uzito tuna kitenzi ambacho kila jikoni pamekizoea: 'kolea', na kauli yake ya kusababisha, 'koleza'. Chai hukolea majani, mchuzi hukolea chumvi, nguo hukolea rangi, hadithi hukolea utamu. Mpishi akiambiwa kwamba chumvi haijakolea, haulizi maana. Anajua kwamba kuna kitu ndani ya kitu kingine, na kwamba kiasi chake ni kidogo kuliko inavyotakiwa. Hiyo ndiyo maana ya tatu ya neno la Kiingereza, bila kupungua.

Hata zao la kazi ya kukoleza lina majina katika maisha yetu. Mwambao, mkamuaji wa nazi hupata kwanza kasimile, yaani tui zito, kisha tui jepesi, na mwisho hubaki na machicha. Katika nyika za Usukuma, ambako ng'ombe ni mali na heshima, maziwa hutikiswa ndani ya kibuyu mpaka mafuta yajitenge na kuelea juu. Yaliyoelea huwa siagi, na siagi ikipikwa huwa samli. Kinachobaki ni maziwa yaliyopungua mafuta. Nawaomba mfano huu wa kibuyu tuukumbuke, kwa sababu tutauhitaji tutakapoingia mgodini.

4. Kilichokuwamo ndani ya makontena

Bulyanhulu ni mgodi wa chini ya ardhi uliomo katika eneo la Kakola, ambalo leo liko katika Halmashauri ya Msalala. Uzalishaji wake mkubwa ulianza mwaka 2001. Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulikuwa mgodi wa shimo la wazi uliofunguliwa rasmi mwaka 2009, na uzalishaji wake ulikoma mwaka 2021. Mwaka 2017 yote miwili ilikuwa chini ya kampuni ya Acacia, ambayo mwenye hisa nyingi zaidi alikuwa Barrick ya Kanada.

Mbale ya migodi hiyo ina dhahabu pamoja na shaba, fedha, chuma na salfa. Sehemu ya dhahabu iko huru na hutengwa kwa uzito wake, kisha huyeyushwa na kumiminwa kuwa mikuo. Sehemu nyingine imefungamana na madini ya shaba na salfa, na haitoki kwa njia hiyo. Kwa hiyo mbale husagwa kuwa unga laini, huchanganywa na maji na kemikali maalumu, kisha hewa hupulizwa ndani yake. Madini yenye shaba na dhahabu hushikamana na mapovu na kuelea juu, nayo mawe yasiyo na thamani hubaki chini. Povu huenguliwa, maji hukamuliwa, na kinachobaki ni ule unga mweusi wenye unyevu.

Mtaona kwamba kanuni hii haiko mbali na ya kile kibuyu. Katika maziwa mafuta hujikusanya na kuelea. Katika tangi la mgodini madini hushikwa na mapovu na kuelea. Pande zote mbili zao ni dogo kuliko malighafi, lakini limekolea kile kinachotafutwa. Unga huo ulipelekwa kwenye viwanda vya kuyeyushia metali vya nchi za nje, kwa kuwa nchini hapakuwa na kiwanda cha kazi hiyo.

Si migodi yote ya ukanda huu inayozalisha unga wa namna hiyo. Mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza uzalishaji wake wa sasa mwaka 2000, hutoa dhahabu yake kwa kutumia sayanidi, nayo huondoka mgodini ikiwa mikuo. Kwa hiyo mgogoro wa makinikia, ingawa ulisikika kama mgogoro wa dhahabu yote ya nchi, kwa asili ulihusu aina fulani ya mbale na aina fulani ya uchenjuaji. Tofauti hiyo ilikuwa wazi kwa wataalamu. Katika lugha iliyomfikia msikilizaji wa redio, haikuwa wazi.

5. Jina la kwanza: mchanga

Mwanzoni mwa Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa unga huo na wa mbale za metali kwenda nje. Tarehe 23 Machi 2017 Rais wa Awamu ya Tano, John Magufuli, alikwenda bandarini Dar es Salaam kujionea makontena. Katika majuma hayo neno lililotawala lilikuwa 'mchanga': mchanga wa dhahabu, mchanga wa madini, au mchanga tu.

Neno hili lilikuwa na fadhila yake. Kila mtu alilielewa. Lilikuwa na picha, na kwa macho halikuwa uongo mkubwa, maana unga wa madini huweza kufanana na mchanga laini. Lakini mchanga katika Kiswahili ni kitu kisicho na thamani kubwa na kisichopitia kazi ya kiwanda. Huchotwa mtoni, hupakiwa kwenye lori, hujengea nyumba. Hata sheria yetu ya madini huutaja mchanga katika kundi la madini ya ujenzi, pamoja na kokoto na mawe.

Kutokana na hilo, jina hilo moja lilizaa mawazo mawili yanayopingana. Aliyetaka kuyatetea makontena aliweza kusema: huu ni mchanga, dhahabu yake ni kidogo. Aliyetaka kuyashutumu aliweza kusema: iweje mtu asafirishe mchanga kuvuka bahari kama hakuna siri ndani yake? Mawazo yote mawili yalipata nguvu kutoka katika neno, na wala si kutoka katika kitu. Hakuna aliyehitaji kujua kwamba unga ule ulikwisha kusagwa, kuoshwa na kupunguzwa, na kwamba kukolea kwake ndiko kulikokuwa sababu ya kuusafirisha.

6. Jina la pili: makinikia

Jina la pili lilitanda pamoja na ripoti za kamati. Tarehe 24 Mei 2017 kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma, mjiolojia, iliwasilisha matokeo yake Ikulu. Tarehe 12 Juni 2017 kamati ya pili, iliyoongozwa na Profesa Nehemiah Osoro, mchumi, iliwasilisha yake kuhusu uchumi na sheria. Shughuli zote mbili zilirushwa moja kwa moja kwa redio na televisheni. Baada ya hapo 'makinikia' likawa neno la vijiweni, la daladala na la Bunge.

Tulichambue. Mzizi ni 'makini'. Kitenzi ni 'makinika', yaani kuwa mtulivu na mwangalifu. Kauli ya kutendea ni 'makinikia', yaani kuelekeza utulivu na uangalifu kwenye jambo fulani. Kwa sarufi, basi, 'kumakinikia' ni kulielekezea jambo akili. Hiyo ni tafsiri nzuri kabisa ya matumizi ya pili ya neno la Kiingereza, yale ya darasani. Umbo lenyewe linatuelekeza kwenye njia iliyopitiwa: kisawe kilichofaa kitenzi cha akili kilichukuliwa na kupewa kazi ya nomino ya madini. Mgodini hakuna kinachomakinika. Kuna kinachokolea.

Swali la pili ni la umbo. Nomino zinazotokana na vitenzi vya kauli hii kwa kawaida huishia na irabu o: 'rudia' hutupa 'marudio', 'tokea' hutupa 'matokeo', 'tegemea' hutupa 'mategemeo'. Tungetazamia angalau 'makinikio'. Badala yake kitenzi kimebaki na irabu yake ya mwisho na kusimama kama nomino. Kwa nini wasemaji hawakulikataa?

Jibu liko mwanzoni mwa neno. Silabi 'ma' katika 'makini' ni sehemu ya mzizi wa Kiarabu. Si kiambishi. Lakini sikio la Mswahili likisikia neno linaloanza na 'ma', tena likitaja kitu cha wingi kisichohesabika, hulipeleka moja kwa moja katika ngeli ya maji, mafuta, maziwa na makapi. Ndivyo ilivyokuwa. Watu walisema 'makinikia haya', 'makinikia yaliyozuiliwa', 'makinikia yetu', bila kufundishwa na mtu. Hakuna aliyetafuta umoja wake, kama vile hakuna anayetafuta umoja wa maji. Sadfa ya silabi moja ililipa neno geni uraia wa papo kwa papo.

Wanafunzi wa istilahi wanavijua vigezo vinavyofupishwa kwa jina la PEGITOSCA. Tukilipima neno letu kwa baadhi ya vigezo hivyo, kwa upande wa kukubalika limefaulu kwa alama za juu. Kwa upande wa uwazi limeshindwa, kwa sababu hata Mswahili mahiri asiyejua Kiingereza hawezi kuitambua maana ya madini kutokana na mzizi. Kwa upande wa uzalishaji wa maneno mengine limekwama pia. Kutokana na 'chenjua' tumepata uchenjuaji, mchenjuaji na kuchenjulia. Kutokana na 'makinikia' hatuwezi kupata kitenzi cha kazi inayoyazalisha, kwa kuwa kitenzi hicho kipo tayari na kina maana nyingine. Tukisema kwamba kamati iliyamakinikia makinikia, tumesema sentensi sahihi, lakini tumesema kwamba iliyachunguza kwa utulivu. Hatujasema kwamba iliyazalisha.

7. Kilichofichwa na neno

Sasa nafika kwenye kiini. Ubishi wa mwaka 2017 ulihusu nini hasa? Ukiondoa siasa na hasira, ubishi juu ya makontena ulihusu namba moja: gramu ngapi za dhahabu zimo katika tani moja ya unga. Kamati ya kwanza ilieleza kwamba sampuli zake zilitoa wastani wa gramu 1,400 kwa tani, na kwamba takwimu za usafirishaji zilikuwa zikionesha takriban gramu 200 kwa tani. Kontena likiwa na tani 20, hesabu ya kwanza inatoa kilo 28 za dhahabu na ya pili kilo 4. Kwa makontena 277 tofauti ni kati ya tani zipatazo 7.8 na tani 1.1. Kampuni iliyakanusha matokeo ya kamati.

Sina nia ya kuhukumu maabara za watu. Nataka tutazame lugha tu. Gramu kwa tani ni kipimo cha kukolea. Mgogoro mzima wa makontena unaweza kuelezwa kwa sentensi ya jikoni: upande mmoja ulisema unga umekolea dhahabu mara saba kuliko upande wa pili ulivyoandika. Mama anayepika ugali Kakola angeielewa sentensi hiyo. Tena angeuliza swali linalofuata, ambalo ndilo hasa lililotakiwa kuulizwa: nani ameonja, ameonja wapi, na ameonja mara ngapi? Yaani nani alichukua sampuli, kwa utaratibu gani, na katika makontena mangapi?

Neno 'mchanga' halikumwongoza kwenye swali hilo, kwa sababu mchanga haukolei kitu. Neno 'makinikia' nalo halikumwongoza, kwa sababu lilisikika kama jina la pekee la kitu cha ajabu, kitu ambacho ama kimejaa utajiri ama hakina. Mwananchi alisikiliza kwa makini ripoti ndefu, na lugha haikumpa nyenzo ya kuzipima. Aliachiwa njia moja tu, yaani kumwamini mmoja wa wasemaji.

8. Lugha ya mwaloni

Huenda mtu akasema kwamba istilahi za sayansi ni za wataalamu, na kwamba mtu wa kawaida hawezi kutazamiwa azifuate. Ukanda huu wenyewe unamkanusha. Kabla migodi mikubwa haijaja, na hata sasa, maelfu ya wachimbaji wadogo wa Geita, Kahama na maeneo ya jirani wamekuwa na lugha kamili ya kazi yao.

Shimo lao huliita duara, na kwa wingi maduara. Mbale husagwa kwenye karasha, neno lililokopwa kutoka Kiingereza na kuvalishwa sauti za Kiswahili bila kelele yoyote. Unga hupelekwa mwaloni, mahali pa kuoshea. Hapo hupitishwa na maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa kitambaa au zulia. Dhahabu, kwa kuwa ni nzito, hunaswa kwenye kitambaa, na mchanga mwepesi huteremka na maji. Kitambaa hukung'utwa kwenye beseni, kilichomo hukamatishwa kwa zebaki, na zebaki huchomwa, kwa madhara makubwa ya afya tunayoyajua. Mchanga ulioteremka hautupwi. Huitwa marudio, kwa sababu utarudiwa: utauzwa kwa mwenye matangi ya sayanidi, naye atautoa dhahabu iliyobaki.

Litazameni neno 'marudio'. Limeundwa kwa kanuni zetu wenyewe, lina kiambishi chake halali na irabu yake ya mwisho halali, na maana yake iko wazi kwa mtoto wa shule. Tena limebeba elimu ya uchumi: linamwambia msikilizaji kwamba kilichotoka hakijaisha thamani. Halikuundwa na kamati. Liliundwa na watu waliokuwa wakiitazama kazi yenyewe, bila kupitia neno la lugha nyingine.

Hapa ndipo penye tofauti kati ya njia mbili za kuunda istilahi. Njia ya kwanza huanza na neno la kigeni na kuuliza: kamusi inasemaje? Njia ya pili huanza na kitu na kuuliza: kimefanywa nini? Njia ya kwanza ikikutana na neno lenye maana nne, bahati ndiyo huamua ni ipi itakayochukuliwa. Njia ya pili haiwezi kupotea kwa namna hiyo. Wachimbaji wa Geita wakiulizwa kilichobaki kwenye kitambaa kimefanywa nini, hawatasema kimetulizwa akili.

9. Kwa nini suala halijaisha

Mgogoro wenyewe ulipita. Barrick iliinunua sehemu iliyobaki ya Acacia mwaka 2019. Kampuni ya pamoja ya Twiga iliundwa, Serikali ikiwa na hisa za asilimia 16, na makubaliano yalitiwa saini Januari 2020, yakiwamo malipo ya dola za Marekani milioni 300. Sheria ya madini ilirekebishwa mwaka 2017, na mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi asilimia 6.

Lakini mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sisi tuliopigania hadhi ya Kiswahili kwa miaka mingi tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Furaha hiyo ilikuja na deni. Sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zinapofasiriwa, kila istilahi inakuwa neno la kisheria. Mtu atatozwa, atanyang'anywa leseni au atafungwa kwa neno hilo. Ikiwa kifungu kitasema 'makinikia' bila kueleza ni kitu gani, mwanasheria hodari atauliza: je, kilichomo kwenye beseni la mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, kilichokung'utwa kutoka kwenye kitambaa, ni makinikia? Kwa fasili ya kiufundi, ni zao lililokolezwa kwa mkono. Kwa matumizi ya mwaka 2017, neno hilo lilimaanisha unga wa migodi mikubwa uliomo kwenye makontena. Kati ya fasili hizo mbili kuna riziki ya watu wengi.

Sipendekezi neno 'makinikia' lifutwe. Neno likishakaa vinywani mwa watu, mwanaisimu hana mamlaka ya kulitoa, na hata kama angekuwa nayo asingefaulu. Napendekeza mambo matatu ya wastani. Kwanza, kamusi na sheria zilifasili kwa kitenzi sahihi: makinikia ni unga wa madini uliokolezwa kwa kuondolewa sehemu ya mawe yasiyo na thamani, kabla ya kuyeyushwa. Pili, familia ya 'kolea' ipewe kazi ambazo 'makinikia' hayawezi kuzifanya: ukolezaji kwa kazi yenyewe, ukolezi kwa kipimo cha gramu kwa tani, na mtambo wa kukolezea kwa kiwanda. Tatu, wafasiri wa sheria za madini wapite kwanza mwaloni, kwa maana halisi ya kupita, kabla ya kufungua kamusi.

10. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, tumeona neno moja la Kiingereza likiingia nchini kwa milango miwili. Kwa mlango wa shule liliingia kama amri ya kutulia. Kwa mlango wa mgodi liliingia kama jina la mali. Tulilipokea la pili kwa jina la la kwanza, na sarufi yetu, kwa ukarimu wake, ikalipa nafasi katika ngeli ya maji na maziwa.

Wanafunzi wangu, wengi wenu mmetoka Kahama, Msalala, Geita na Bukombe, na baadhi yenu mtakuwa wafasiri wa sheria na mikataba. Siku mtakapowekewa mezani mkataba wenye neno ambalo mnadhani mnalijua tangu kidato cha kwanza, msiliandike upesi. Ulizeni kwanza ni maana yake ipi iliyoko mezani, kisha ulizeni ni mzazi gani, mchimbaji gani au mpishi gani mwenye neno la kazi hiyo. Huko Shinyanga na Geita maneno hayo yapo, yamekolea, na yanasubiri kuokotwa.